SOMO: Namna ya kuchagua toleo moja la Project M kwa ajili ya mashindano

Wakuu, vikundi viwili vya Project M (gemu la mapigano la Super Smash Bros. Brawl lililobadilishwa na mashabiki) vikikutana, ubishi wa kwanza si nani mkali, ni "tunacheza toleo lipi?" Huyu kaja na 3.02 kwenye kadi yake ya SD, yule ana 3.6, mwingine anauliza mbona hamuoni mhusika anayeitwa Knuckles. Somo hili ni la mtu anayetaka kuandaa mashindano, hata kama ni ya watu wanane sebuleni, na hataki aliyefungwa apate cha kusingizia.

Kwa wageni, kwa ufupi. Super Smash Bros. Brawl ilitoka mwaka 2008 kwa ajili ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo; unashinda kwa kumpiga mpinzani mpaka atoke nje ya uwanja asiweze kurudi. Waliokuwa wamezoea Melee, gemu la mfululizo huohuo la 2001, waliiona nzito, na kuna jambo moja hawakulisamehe kabisa: mhusika wako akianza kukimbia anaweza kujikwaa na kuanguka, bila kosa lolote, kwa bahati nasibu tu. Mashabiki wakaingia ndani ya faili za Brawl, wakaondoa kujikwaa, wakarudisha mwendo wa kasi na mbinu za Melee kama wavedash (kuteleza chini kwa haraka) na L-cancel (kufupisha muda wa kukwama baada ya kutua na pigo). Hiyo ndiyo Project M. Onyesho la kwanza lilitoka 2011. Tarehe 1 Desemba 2015 waundaji wakatangaza wameacha, na faili zikaondolewa kwenye tovuti yao. Tangu siku hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kusema "toleo halali ni hili". Mnaamua wenyewe.

HATUA YA 1: Yajue matoleo, kisha yapunguze mpaka mawili

Usilete matoleo sita mezani. Mkifanya hivyo mtalala hapohapo.

3.0 ilitoka Desemba 2013. Iliwarudisha Roy na Mewtwo wa Melee, wahusika wakafika 41, na watu wengi waliijua Project M kupitia toleo hilo. 3.02 ya mwaka uliofuata ni 3.0 iliyorekebishwa hapa na pale. Raha yake haina ubishi, ila ina kasoro ambayo kwenye mashindano inachosha: karibu kila mhusika anarudi uwanjani kirahisi mno. Unampiga mtu vizuri, anatoka nje kabisa, halafu badala ya kumfuata ummalize, unasimama ukingoni kumngojea, maana unajua atarudi tu. Mewtwo alilalamikiwa sana.

3.5 ya Novemba 2014 ilikata nguvu hizo za kurudi kwa wahusika wengi. Wapo waliosusa, hasa ambao mhusika wao aliguswa. 3.6 ya Agosti 2015 ilisawazisha zaidi, na ndiyo ya mwisho kutoka mikononi mwa waundaji wa asili.

Baada ya hapo kazi ilishikwa na mashabiki wengine. Kulikuwa na toleo liitwalo Legacy TE, kisha kuanzia 2019 Project+, ambayo imejengwa juu ya 3.6, ikaongeza viwanja, ikagusa uwiano wa wahusika, na ikamwingiza Knuckles.

Yanayobaki mezani ni mawili: 3.6 na Project+. Hoja ya 3.6 ni kwamba haibadiliki tena. Ulichojifunza leo kitafanya kazi mwakani, hakuna atakayekuamsha asubuhi akakwambia pigo lako limepunguzwa nguvu. Hoja ya Project+ ni watu: wachezaji wengi wa sasa wako huko, na ukitafuta mpinzani wa nje ya mtaa wako utamkuta huko. Kwa maoni yangu, kikundi kinachoanza leo kichukue Project+. Kikundi cha wakongwe wenye Wii zao na kadi zao tayari, wanaocheza wao kwa wao tu, kibaki na 3.6 na kisijisumbue.

HATUA YA 2: Kagueni vifaa kabla ya kupiga kura

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Watu wanapiga kura, toleo linashinda, halafu siku ya shughuli nusu ya mashine hazilifungui.

Kwanza diski. Project M haiji na gemu ndani yake; lazima uwe na Brawl, tena ya Marekani. Angalia maandishi madogo kwenye uso wa diski: RSBE ni ya Marekani, RSBP ni ya Ulaya, RSBJ ni ya Japani. Unayoitaka ni yenye E. Wenzangu wa Afrika Mashariki hapa mkae macho, kwa sababu Wii ya mtumba iliyotoka Ulaya haisomi diski ya Marekani hivihivi. Inabidi kwanza iwekewe Homebrew Channel (programu inayoruhusu Wii kuendesha vitu visivyotoka Nintendo), kisha gemu lifunguliwe kupitia programu inayoruka kizuizi cha eneo.

Na ukiagiza Wii nzima kutoka Marekani, soma maandishi ya adapta yake. Ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 unaiunguza. Tumia adapta ya Wii ya Ulaya, inaingia vilevile. Tena, gemu la Marekani linatoa picha ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, na baadhi ya TV za chogo za soko letu zitaionyesha nyeusi na nyeupe au itapandapanda. Ijaribu mapema.

Pili, aina ya Wii. Wii za mwanzo zina matundu manne ya pedi za GameCube chini ya kifuniko, na karibu kila mchezaji makini anatumia pedi hiyo. Wii zilizotoka baadaye, zile za kulazwa tu, hazina matundu hayo.

Tatu, njia ya kufungua modi, yaani hiyo Project M au Project+ yenyewe. Kama mwenye mashine hataki iguswe, ipo njia inayopitia sehemu ya Brawl ya kutengeneza viwanja: unaweka kadi, unafungua sehemu hiyo, modi inajiwasha yenyewe. Ila ina masharti mawili ambayo watu huyasahau. Kadi iwe SD ya kawaida isiyozidi GB 2, kwa sababu Brawl haizisomi SDHC, zile kadi zenye nafasi kubwa zaidi. Na viwanja vyote vya kutengenezwa vilivyohifadhiwa kwenye Wii vifutwe kwanza, pamoja na vile vya mfano vilivyokuja na gemu. Ukiacha hata kimoja, mashine inaweza kuganda badala ya kuiwasha modi.

HATUA YA 3: Siku ya majaribio, kisha kura

Wekeni mashine mbili, kila moja na toleo lake, watu wacheze mchana kutwa. Kura apewe aliyecheza matoleo yote mawili siku hiyo. Sharti hili peke yake linaondoa kelele nyingi, kwa sababu wapigao kelele zaidi mara nyingi wanapinga toleo ambalo hawajaligusa.

Kura iwe ya siri. Mkinyoosha mikono, watamfuata bingwa wa kikundi, na bingwa atachagua toleo ambalo mhusika wake ana nguvu.

HATUA YA 4: Ligandishe

Hii ndiyo hatua yenyewe, mkuu. Kusema "tunacheza Project+" hakutoshi, kwa sababu Project+ ina matoleo yake mengi. Andikeni namba kamili ya toleo, na tarehe ambayo mtaruhusu kulijadili upya. Mpaka tarehe hiyo ifike, toleo jipya likitoka, litoke.

Kisha shikeni faili lenyewe. Chukueni zipu moja (faili lililobanwa mnalopakua), mtoe MD5 yake, ule mfululizo wa herufi na tarakimu 32 ambayo hubadilika hata kama ndani ya faili imebadilika herufi moja. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha MD5. Kwenye Linux ni md5sum na jina la faili. Iandikeni MD5 kwenye tangazo la mashindano, kila mtu alinganishe ya kwake.

Ila zipu kuwa sawa si kinga kamili. Mtu anaweza kupakua zipu sahihi, akaifungua kwenye kadi, halafu akaongeza mavazi ya wahusika aliyoyaokota mtandaoni. Vazi baya linaweza kugandisha mechi ikiwa kwenye laifu ya mwisho, na hapo mtagombana kweli. Dawa yake: siku ya mashindano hakuna kadi ya mchezaji inayoingia kwenye mashine. Mwandaaji ana kadi mama moja, kadi zote za siku hiyo zimenakiliwa kutoka kwake.

HATUA YA 5: Kanuni za mechi

Fupi tu: laifu 4, dakika 8, vitu vya kuokota vimezimwa. Viwanja vya kuanzia viwe vitano, mathalani Battlefield, Smashville, Pokémon Stadium 2, Green Hill Zone na Final Destination. Kwenye mechi ya kwanza mmoja anafuta kimoja, mwenzake anafuta viwili, wa kwanza anafuta kimoja tena, kinachobaki ndicho kinachezewa. Orodha ya viwanja iandikwe pamoja na namba ya toleo, maana uwanja wenye jina lilelile unaweza kuwa na umbo tofauti toleo lingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini unaitupa 3.02? Sisi mtaani ndiyo tunayoipenda, na watazamaji wanashangilia zaidi.

Jibu: Siitupi. Iwekeni kama shindano la pembeni baada ya fainali, tena mkiwasha Turbo, ambapo kila pigo linalompata mpinzani unaweza kuliunganisha na jingine papo hapo, hapo watu watapiga kelele mpaka majirani waje. Ila kama kuna zawadi na kiingilio, sitaki mtu atolewe na mhusika ambaye waundaji wenyewe walikuja kumpunguza nguvu.

Swali: Nina Wii Mini, nitaweza kushiriki nayo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Wii Mini haina tundu la kadi ya SD wala matundu ya pedi za GameCube. Njoo na mikono yako tu, mashine zitakuwepo. Mwenye Wii U anaweza kuiendesha modi upande wake wa Wii akishaweka Homebrew, lakini matundu ya pedi hizo hana, kwa hiyo kwenye mashindano haisaidii sana.

Swali: Tulicheza mtandaoni kwa Dolphin, programu ya kuendesha gemu za Wii kwenye kompyuta. Kwangu mimi nimeshinda, kwake yeye kashinda, na kila mmoja ana picha ya skrini. Nani kaiba?

Jibu: Hakuna aliyeiba. Dolphin ikicheza mtandaoni haitumi picha ya pambano, inatuma vitufe mlivyobonyeza tu, na kila kompyuta inajichezea pambano lake. Faili zikitofautiana hata kidogo, kompyuta zinaanza kuona mambo tofauti: kwako pigo limempata, kwake limemkosa, na kuanzia hapo kila mmoja anacheza gemu lake peke yake. Linganisheni MD5 ya modi, MD5 ya nakala ya Brawl, na toleo la Dolphin lenyewe. Mechi hiyo futeni, rudieni.

Swali: Nintendo si watatushukia? Nasikia ndio walioiua Project M.

Jibu: Waundaji waliposimama walisema hawakuwa wamepokea amri ya kisheria, waliacha kwa uamuzi wao. Lakini hofu yako ina msingi. Mwaka 2020 Nintendo waliwazuia waandaaji wa The Big House kuendesha mashindano ya mtandaoni ya Melee kwa sababu yalitumia Slippi, programu ya kuchezea Melee mtandaoni, ambayo nayo ni kazi ya mashabiki. Na masharti yao ya mashindano ya jamii, yaliyoanza Novemba 2023, yanaweka kikomo cha washiriki 200 ana kwa ana na 300 mtandaoni, na hayaruhusu gemu lililobadilishwa. Kwa hiyo Project M haimo kwenye ruhusa hiyo hata mkiwa wanane. Yafanyeni madogo, msitafute udhamini kwa jina lao, na msigawiane nakala za Brawl. Kila mtu awe na diski yake.

Swali: Kaka, sisi tumechagua Project+ lakini watu watatu wanadai Knuckles apigwe marufuku kwa kuwa hakuwemo kwenye 3.6. Tufanyeje?

Jibu: Kama mmechagua Project+ mmemchagua na Knuckles. Mhusika anafungiwa kwa sababu anaharibu mechi, si kwa sababu ni mgeni. Waambie hao watatu wamfunge kwanza mtu anayemtumia. Wakishindwa kabisa, walete video za mechi siku ya kujadili toleo.

Swali: Na kama mashine moja ina TV bapa na nyingine ya chogo?

Jibu: TV bapa nyingi huchelewesha picha, na mchezaji wa gemu hili anasikia tofauti hiyo vidoleni. Washa hali ya gemu kama TV inayo, kisha mechi za mwanzo zipeleke huko. Kuanzia nusu fainali, wote wakae kwenye ya chogo.