Baruti Nyeusi Kwenye Winchester ya Pampu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Siku ya Mashindano

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi huko Marekani, bunduki ya marisau ya pampu (inayoingiza na kutoa risasi kwa kuvuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu) inayoonekana mara nyingi ni Winchester Model 1897 ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa hadi 1957. Single Action Shooting Society, chama cha mchezo huo kilichoanzishwa 1987, kina vitengo maalumu vya wanaopiga kwa baruti nyeusi. Masharti ya bunduki hutofautiana kati ya vitengo hivyo, kwa hiyo soma kanuni za kitengo chako kabla ya kutumia senti yoyote.

Baruti yenyewe ni ileile ya magobore: takribani asilimia 75 shura, 15 makaa na 10 salfa. Shinikizo lake ni la upole ukilinganisha na baruti isiyo na moshi, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama vitu vigumu baada ya kuungua: masizi na chumvichumvi zinazonyonya unyevu wa hewa na kula chuma. Bunduki ya mitutu miwili hufunguka ukaiona yote ndani. Pampu ni kasha lililofungwa, lenye vipande vingi vinavyosuguana, na kila chembe ya masizi inayoingia humo hubaki humo. Karibu maandalizi yote yafuatayo yanatokana na tofauti hiyo.

Anza na bunduki, tena kwa fundi bunduki anayezijua silaha za kale. Model 1893, iliyotangulia 1897, iliundwa kwa baruti nyeusi, na wapo wanaodhani kwa hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Si hivyo. Mfungo wake ni dhaifu na chuma chake kimezeeka, iache ukutani. Pampu za zamani za Marlin zenye nyundo ya nje, kuanzia Model 1898 na jamaa zake, zisipigwe kabisa, kwa baruti yoyote ile. Kampuni yenyewe ilitoa onyo kwamba si salama. Baadhi ya 1897 zilitoka na mitutu ya Damascus, iliyosukwa kwa nyuzi za chuma na feleji. Michirizi yake ya nje hupendeza, lakini kutu inayojificha kati ya nyuzi haionekani kwa macho.

Kisha pima chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Hili ndilo kosa linalofanyika kimyakimya, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Risasi ya inchi 2¾ (milimita 70) iliyokunjwa mdomo huingia bila shida kwenye chemba fupi. Ikipigwa, mkunjo hufungukia ndani ya koo la mtutu, njia ya marisau na vizibo (vinavyotenganisha marisau na baruti) hubanwa, na shinikizo hupanda. Model 1897 nyingi za geji 16 za miaka ya mwanzo zina chemba ya inchi 2 9/16 (milimita 65). Usikadirie kwa kuangalia. Tumia kipimo cha chemba.

Bunduki ikiwa ya aina inayovuliwa mtutu, shika mtutu kwa mkono mmoja na kasha kwa mwingine, utikise. Ikicheza, pete ya kurekebishia mwachano irekebishwe na fundi. Weka nyundo kwenye kituo cha nusu, vuta kifyatulio kwa nguvu ya wastani: nyundo isianguke. Kumbuka pia kwamba 1897 haina kizuizi kinachotenganisha kifyatulio na nyundo. Ukifunga pampu huku kidole kimekandamiza kifyatulio, risasi itatoka papo hapo komeo (kipande kinachofunga nyuma ya chemba) linapofunga. Kidole kikae nje mpaka mdomo wa mtutu uelekee shabaha.

Sasa risasi. Ganda linalofanya kazi vizuri kwenye mitutu miwili linaweza kukukwamisha kwenye pampu, kwa kuwa hapa linavutwa na kucha mbili ndogo, si kwa vidole vyako. Chagua maganda ya plastiki yenye ngozi laini, si yenye mistari, maana mistari hukwaruza kwenye masizi ya chemba. Kitako cha shaba nyeupe au ya njano huachia chemba kirahisi. Kitako cha chuma cha bei nafuu hutanuka, hakirudi sawasawa, na ndicho kinachong'ang'ania. Maganda ya shaba tupu yana sura ya kale kweli, lakini kwenye pampu huleta usumbufu wa kuingia na kutoka, hivyo yaachie bunduki ya mitutu miwili. Baruti nyeusi huunguza midomo ya plastiki. Ganda likianza kuwa na mdomo uliokauka au wenye vitundu, litupe.

Ukijaza mwenyewe, tumia baruti nyeusi halisi ya chembe za FFg (alama ya ukubwa wa chembe), na upime kwa ujazo, kwa kijiko au kipimo cha shaba. Kipimo cha wastani cha geji 12 ni dramu 2¾ hadi 3, yaani greni 75 hadi 82, kwa wakia 1 hadi 1⅛ ya marisau (gramu 28 hadi 32). Shabaha za chuma za kuangushwa huwekwa karibu, kwa hiyo dramu 2½ na wakia 1 hutosha na bega hupumzika. Namba hizi zilinganishe na kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, na uanzie chini. Ukitumia mbadala kama Triple Seven, mtengenezaji anataka upunguze ujazo kwa asilimia 15, kwani ni kali zaidi. Baruti isiyo na moshi isiingie kamwe kwenye kipimo hiki, hata kidogo, hata kwa kuchanganya. Ujazo uleule wa baruti hiyo hupasua bunduki. Mezani iwepo kopo moja tu la baruti, bila sigara, bila moto.

Juu ya baruti weka kizibo cha kadibodi ngumu, ukikandamize kiikalie bila mwanya wa hewa, halafu kizibo cha nyuzi kilicholainishwa kidogo kwa mafuta ya mimea au nta ya nyuki, halafu marisau. Vizibo vya plastiki ni vyepesi kupatikana na hukunjika vizuri, lakini joto la baruti nyeusi huviyeyusha, navyo huacha tabaka la plastiki kwenye koo la mtutu na kwenye choki (sehemu iliyobanwa karibu na mdomo wa mtutu). Tabaka hilo huficha masizi chini yake, na kutu huanzia humo. Kwa pampu tunashauri nyuzi bila kusita. Marisau yawe ya madini ya risasi, namba 7½ au 8.

Mkunjo wa mdomo uwe bapa na mgumu. Kona ikichomoza kidogo tu, hugonga ukingo wa chemba, na hapo unapoteza sekunde ukisukuma pampu. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuvua mtutu na kudondosha kila risasi ndani ya chemba: iingie kwa uzito wake na itoke kwa uzito wake. Isiyofanya hivyo isiende uwanjani.

Kuna tabia moja ya 1897 ambayo ni lazima uizoee mapema. Baada ya kufyatua, kufuli la pampu huachia pale kishikio kinaposogea mbele kidogo, na kwa kawaida teke la bunduki ndilo linalofanya kazi hiyo. Kwa kipimo chepesi teke huwa dogo, nawe utahisi pampu imekwama. Usiilazimishe, sukuma mbele kidogo, ndipo uvute. Fanya zoezi hilo kwa risasi za bandia mpaka mkono uzoee. Risasi isipolipuka kabisa, kufuli hilo ni msaada wako: elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri sekunde 30, ndipo ufungue. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, simama na uchungulie mtutu kutokea upande wa chemba, kwani kizibo huenda kimebaki ndani.

Uwanjani bunduki huanza ikiwa wazi na tupu, na risasi huingizwa wakati saa inakimbia, zisizidi mbili kwa mara moja. Angalia upepo kabla ya zamu yako, maana moshi wa risasi ya kwanza ukisimama mbele yako hutaiona shabaha ya pili. Vizibo vya nyuzi huweza kutua vikiwa vinafuka; kukiwa na majani makavu, ndoo ya maji iwepo karibu.

Vifaa vya kuosha viandaliwe kabla ya kuondoka nyumbani: maji ya moto kwenye chupa, sabuni ya vyombo, brashi ya shaba ya geji 12, vitambaa, na mafuta ya mimea au Ballistol (mafuta ya kutunzia bunduki). Mafuta ya mashine yatokanayo na petroli yakikutana na masizi haya huganda kama lami. Kati ya zamu na zamu, pitisha kitambaa kilicholowa maji ndani ya mtutu na chemba. Jioni ileile vua mtutu, uuoshe kwa maji na sabuni mpaka kitambaa kitoke safi, ukaushe ungali na joto. Kwenye kasha, sugua uso wa komeo, chini ya kucha zote mbili, na kibao kinachonyanyua risasi, kisha puliza hewa kavu na upake mafuta membamba. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya chungwa, osha tena kwa maji. Kuongeza mafuta juu ya chumvi hakuzuii kutu.