Somo: Uwanja hauna mnara, nani anakuona?

Jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inakuja kutua Quincy, jimbo la Illinois, Marekani. Uwanja ule haukuwa na mnara wa kuongozea ndege. Chini, kwenye njia inayoikata ile ya kutulia, zilikuwapo ndege mbili zimefuatana: King Air mbele, Cherokee ndogo nyuma yake. Marubani wa Beechcraft wakauliza redioni kama King Air itasubiri au itaruka. Sauti ikajibu kwamba inasubiri. Wakaridhika, wakaendelea kushuka. Kumbe aliyejibu ni rubani wa Cherokee, na jibu lake liligongana na sauti ya onyo la mwinuko ndani ya Beechcraft yenyewe, wasilisikie vizuri. King Air haikusema neno. Ikaanza kukimbia. Zilikutana pale njia zinapokatana, na watu wote 14 wa ndege zote mbili wakafa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila ninapofundisha mada hii, mtu husema tatizo la viwanja vya namna hii ni marubani mabubu. Mabubu wapo, ndiyo. Lakini Quincy watu waliulizana na kujibizana. Hawakujua tu nani amejibu, na hakuna aliyelihakiki jibu kwa macho.

Hatua ya 1: Usome uwanja kabla ya kuwasha injini. Masafa ya redio, urefu wa mzunguko, yaani njia ya angani ambayo ndege huifuata kuuzunguka uwanja kabla ya kutua (mara nyingi futi 1,000 juu ya ardhi), na upande wa kukatia kona. Kawaida ni kushoto, isipokuwa uwanja wenyewe umeandikiwa kulia. Kama kuna njia mbili zinazokatana, zichore kwenye karatasi ya pajani. Hapo ndipo mambo huharibika.

Hatua ya 2: Fungua sikio mapema. Ukiwa kilomita kama 18 (maili 10 za baharini), uwe tayari kwenye masafa ya uwanja, na usikurupuke kusema. Sikiliza kwanza: wanatumia njia ipi? Wangapi? Nani anafuata nani? Yule uliyemsikia mara moja kisha akanyamaza, mweke moyoni. Hajaondoka mpaka uhakikishe ameondoka.

Hatua ya 3: Sema ili mtu akutafute na akuone. Mpangilio ni huu: jina la uwanja, aina na namba ya ndege yako, uko wapi na urefu gani, unakusudia nini, kisha jina la uwanja tena. Jina linarudiwa mwishoni kwa sababu viwanja kadhaa huweza kutumia masafa yaleyale, na anayekusikia katikati ya sentensi hajui unazungumzia uwanja upi.

Aina ya ndege ina faida kubwa kuliko namba. Namba haionekani kwa mbali. "Cessna nyeupe yenye mabawa juu" inaonekana. Na ukimjibu mtu, jibu kwa kujitaja wewe mwenyewe. Kama hukuulizwa wewe, fikiri mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe. Yule wa Cherokee alitaka kusaidia.

Jambo jingine: usiseme "ndege yoyote iliyo karibu ijitambulishe". Mwongozo rasmi wa marubani wa Marekani umelipiga marufuku tamko hilo, na sababu si ngumu kuiona. Ukiwaalika wote waongee, wataongea wote kwa pamoja, na wawili wakibonyeza sawia wewe utasikia mlio tu. Tangaza ulipo, mwenye haja atajitokeza.

Hatua ya 4: Ingia kwenye mzunguko kwa urefu wake, usiushukie kwa juu. Ingia ule upande unaokwenda sambamba na njia ya kurukia, tuuite dauniwindi kama marubani wanavyouita, ukiwa tayari umetulia kwenye urefu sahihi. Ukiushukia kutoka juu, unamshukia mtu usiyemwona, kwa sababu tumbo la ndege yako limemficha. Mabawa nayo hudanganya. Yenye mabawa juu hufunika upande unaokatia kona, yenye mabawa chini hufunika kilicho chini yake. Kwa hiyo inua bawa kidogo, chungulia, ndipo ukate.

Hatua ya 5: Fainali, yaani kipande cha mwisho kilichonyooka kuielekea njia ya kutulia. Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 18 Agosti 2022, Watsonville, California, Cessna 152 ilikuwa kwenye mzunguko, na Cessna 340 yenye injini mbili ikaja kutoka mbali moja kwa moja kwenye fainali. Wote wawili waliongea, kwenye masafa yaleyale. Ile kubwa ilikuwa inakwenda karibu kilomita 330 kwa saa. Rubani wa 152 aliona inamjia kasi, akasema anaghairi kutua. Ziligongana, watu watatu wakafa.

Tupige hesabu. Ndege ndogo ya mafunzo kwenye fainali huenda kama kilomita 120 kwa saa. Tofauti ni kilomita 210 kwa saa, yaani kilomita tatu na nusu kila dakika. Aliye kilomita mbili nyuma yako anakufikia ndani ya sekunde 35 hivi. Ndiyo maana "niko fainali" peke yake ni taarifa nusu. Fainali ya umbali gani? Kwa kasi gani? Kabla ya kukata kona ya mwisho, tazama upande wa pili, kule nje kabisa, kana kwamba hakuna aliyesema chochote. Ukisikia mtu anakuja moja kwa moja na humwoni, usishindane naye: refusha dauniwindi, umwache apite, umfuate.

Hatua ya 6: Kabla ya kuingia kwenye njia kuruka. Geuza pua ya ndege mpaka uone fainali yote, na ncha zote mbili za njia. Tangaza, ingia, ondoka. Usikae juu ya njia ukipanga karatasi zako.

Hatua ya 7: Ghairi mapema. Ukiona kitu kwenye njia, ongeza nguvu, panda, sogea kidogo pembeni ili uendelee kumwona aliye chini. Tangaza baada ya hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kisheria nani ana haki, anayetua au anayeruka?
Anayetua. Kati ya wawili wanaokuja kutua, aliye chini zaidi ndiye wa kwanza, lakini haruhusiwi kutumia nafasi hiyo kumkatia mwenzake mbele. Kanuni za kimataifa na za Marekani zinakubaliana kwa hili. Ila, ndugu yangu, mwenzako kutokuwa na haki hakumfanyi akuone.

Ndege isiyo na redio inaruhusiwa kuja?
Kwenye viwanja vingi vya aina hii, ndiyo, na ipo kihalali kabisa. Ndege za zamani zisizo na umeme bado zinaruka. Ndiyo maana ukimya wa redio usikushawishi kwamba uwanja ni mtupu.

Tableti yangu inanionyesha ndege zote zilizo jirani. Bado nahitaji kukodoa macho?
Inakuonyesha zinazojitangaza kwa mitambo, na wakati mwingine kwa kuchelewa. Marekani, sheria ya kubeba kifaa cha kujitangaza hivyo ilianza tarehe 1 Januari 2020, lakini haihusu anga lote. Itumie ikuelekeze pa kutazama. Karibu na uwanja mimi huigeuza kifudifudi, nikijua wapo watakaonibishia.

Shikamoo mwalimu. Upepo umetulia kabisa, mimi nachagua njia 18, mwenzangu anatangaza 36. Nifanyeje?
Marahaba. Hiyo ni njia moja, 18 ni ncha yake moja na 36 ni ya pili, na mnakuja uso kwa uso. Mtaje kwa ndege yake: "King Air ya njia 36, mimi Cessna niko dauniwindi ya njia 18, naondoka kwenye mzunguko upande wa mashariki." Umetamka nani, wapi, na unafanya nini. Kisha ondoka kweli, subiri nje, urudi kwa njia anayoitumia yeye. Utapoteza dakika tano.

Na asipojibu?
Ondoka vilevile.