Keki ya Jibini ya Boga na Pasheni: Namna ya Kuwaokea Wageni Nyumbani

Anayeoka keki ya jibini yenye boga na matunda anashindana na maji tangu anapoanza kazi hadi anapokata kipande cha mwisho. Boga lina maji, yogati ina maji, pasheni ina maji, na yote hayo yakiachwa yaingie kwenye mchanganyiko, keki hulala kwenye sahani kama uji uliopoa. Nimewaokea wageni keki hii kwa miaka kadhaa, wa ndoa na wa futari, na karibu kila kasoro niliyoikuta ilitokana na maji au na haraka. Kwa sababu hiyo kazi yenyewe huanza mapema: wageni wakitarajiwa Jumamosi, kitambaa cha kuchujia kiandaliwe Alhamisi jioni.

Kwa chombo cha mviringo chenye upana wa sentimita 23, hasa kile ambacho ukuta wake hufunguka, tayarisha yogati nzito isiyo na sukari wala ladha kilo 1.5, kipande cha boga cha gramu 800, biskuti za kawaida gramu 250, siagi gramu 100, sukari gramu 180, malai mililita 150, mayai 3, kornfulawa vijiko 2 vya chakula, hiliki ya unga nusu kijiko cha chai, limau 1 na pasheni 8 zilizoiva. Kornfulawa ninayoitaja ni ule wanga mweupe na laini wa mahindi, wala si unga wa sembe. Niliwahi kumwelekeza ndugu yangu kwa simu bila kulifafanua hilo, akatoa jikoni kitu kilichofanana na ugali mtamu.

Hatua ya kwanza: kuchuja yogati

Jibini laini ya dukani ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini yogati iliyochujwa vizuri huifanya kazi yake bila kuonewa haya. Tandika kitambaa safi cha melimeli juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli refu, mimina yogati, kisha kunja ncha za kitambaa na uweke juu yake kisahani chenye uzito mdogo. Acha ndani ya friji usiku kucha, saa 12 kwa uchache. Utabaki na gramu 600 hadi 700 za jibini, nayo huwa tayari pale inapochotwa kwa kijiko ikasimama bila kutiririka. Maji ya manjano yaliyokusanyika bakulini yasimwagwe, maana yanafaa sana kukandia unga wa chapati.

Hatua ya pili: boga

Wengi hulichemsha boga, na hapo ndipo keki inapoharibika kabla hata ya kuanza, kwa kuwa boga la kuchemsha hunywa maji zaidi ya yale liliyokuwa nayo. Chagua boga lenye nyama kavu ya rangi ya machungwa iliyokolea, likate vipande vikubwa bila kulimenya, toa mbegu, kisha lichome katika oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 40 hadi 50, mpaka kisu kipenye bila nguvu. Kwangua nyama, iponde, halafu irudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo ukiikoroga kwa dakika 10 hivi. Ukiburura mwiko katikati ya sufuria na njia yake ikabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga, maji yamekwisha kutoka. Pima gramu 250 na uziache zipoe kabisa, kwa sababu boga la moto huivisha mayai palepale kwenye bakuli. Asiyepata boga zuri anaweza kutumia karoti zilizoivishwa kwa mvuke na kusagwa, nazo zikaushwe sufuriani kwa namna hiyohiyo. Karoti mbichi za kuparuza hazifai.

Hatua ya tatu: kitako

Ponda biskuti ziwe kama mchanga, changanya na siagi iliyoyeyushwa, shindilia kwenye chombo kwa kitako cha glasi, oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 10, kisha acha kipoe.

Hatua ya nne: kuchanganya

Toa jibini, malai na mayai kwenye friji saa moja kabla, kwani jibini ya baridi huacha madonge ambayo hayaondoki hata ukikoroga namna gani. Lainisha jibini pamoja na sukari, ongeza boga, malai, kornfulawa, hiliki na ganda la limau lililoparuzwa. Mayai yaingie mwisho, moja baada ya jingine, kwa mwiko na si kwa mashine. Katika keki ya sponji tunatafuta hewa, lakini hapa hewa ni adui: mchanganyiko uliopigwa sana huumuka ndani ya oveni, hushuka unapopoa, na ukishuka hupasuka katikati. Mimina juu ya kitako, kisha gonga chombo mezani mara mbili tatu ili mapovu yapande.

Hatua ya tano: kuoka

Hapa ndipo maji yanapogeuka kuwa rafiki. Zungushia chombo tabaka mbili za foili kwa nje, kiweke ndani ya trei pana, na umimine kwenye trei maji ya moto yafike nusu ya kimo cha chombo. Maji hayo hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo ukingo wa keki hauivi ukakauka wakati katikati bado kubichi. Oka kwa nyuzi 160, dakika 60 hadi 70. Usisubiri keki yote iwe ngumu: ukingo uwe umeshika, na katikati kutikisike kama jeli chombo kinapoguswa. Mwenye kipimajoto cha chakula azime oveni katikati kunapofika nyuzi 68. Zima moto, bana mlango kwa mwiko ubaki wazi kidogo, na uiache keki humo kwa saa moja. Umeme ukikatika baada ya dakika 40, usifungue mlango. Joto lililomo huendelea kuivisha, nawe utaongeza dakika chache umeme ukirudi.

Kwa anayetumia mkaa, makaa yawe machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama tunavyoupalia mkate wa kumimina. Hata hivyo, namshauri atumie nusu ya vipimo na chombo cha sentimita 18, kwa sababu keki kubwa huungua pembeni kabla ya katikati kushika.

Hatua ya sita: friji na matunda

Keki ikishapoa kabisa ndipo ifunikwe na kuingizwa kwenye friji kwa saa 8 au zaidi. Ikifunikwa ikiwa na joto, mvuke hugeuka matone na kuilowesha juu. Asubuhi ya siku ya wageni, chemsha rojo ya pasheni pamoja na vijiko 3 vya sukari na kijiko 1 cha chai cha kornfulawa iliyokorogwa kwa maji kidogo, mpaka iwe nzito, ipoze, kisha itandaze juu.

Kuhusu matunda mengine, niliwahi kupamba keki kwa papai lisilopikwa usiku wa kuamkia sherehe, na asubuhi nikakuta uso wake umelegea na kuwa mchungu. Papai na nanasi vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na moto ndio unaoviua. Basi vichemshwe kwanza au viachwe. Embe halina shida hiyo, ilimradi likatwe wakati wa kupakua.

Kata kwa kisu kirefu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila baada ya kipande. Vitatoka vipande 12. Keki hii isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na katika joto la nyuzi 32 na kuendelea, ambalo huku pwani si geni, isizidi saa 1. Ukiipeleka nyumba nyingine, isafirishe nzima ndani ya chombo chake, barafu ikiwa pembeni, na pasheni kwenye chupa yake ya peke yake.