Kufunga bomba la kurudisha maji kwenye tangi la samaki
Usichague pampu kwa namba ya kwenye boksi tu. Kadiri maji yanavyopandishwa juu kutoka tangi la chini (lile la kuchujia, lililo chini ya tangi la samaki), ndivyo kiasi kinachofika juu kwa saa kinavyopungua. Tangi la lita 200 linatosheka na lita 600 hadi 1,000 kwa saa, zikipimwa pale yanapotokea juu.

Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Kati ya pampu na bomba la PVC (plastiki ngumu) weka kipande cha mpira laini chenye klipu, mtetemo usipande hadi kwenye kioo.

Sasa hatari yenyewe: umeme ukikatika, maji ya tangi la samaki hurudi chini kupitia bomba hilohilo, tangi la chini likafurika hadi sakafuni. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba, sentimita 1 chini ya uso wa maji ya tangi la samaki. Maji yakishuka hapo, hewa huingia na bomba huacha kuvuta maji. Valvu ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake, maana uchafu huinasa ikabaki wazi. Tundu nalo huzibwa na mwani. Lisugue kila mwezi.

Gundi ya kuungia mabomba ikishakauka saa 24, jaza maji, washa, kisha chomoa plagi makusudi. Tangi la chini likifurika, punguza maji ujaribu tena. Lisipofurika, washa pampu, weka alama kwenye kiwango cha maji cha tangi hilo, na usijaze kupita hapo.