Kumtambua na Kumtunza Chinchila Mwenye Mimba
Mimba ya chinchila, mnyama mdogo mgugunaji anayefugwa nyumbani, huchukua takriban siku 111, na kwa kuwa manyoya yake mazito huficha tumbo kwa muda mrefu, mizani ya jikoni huaminika kuliko macho. Mpime kila wiki, saa ileile, na uandike uzito wake. Uzito huo ukipanda mfululizo, na chuchu zikirefuka na kuwa nyekundu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana mimba. Usimbonyeze tumbo kutafuta watoto, kwani kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, ambaye anaweza kuthibitisha kwa picha ya ultrasaundi.

Mpe nyasi kavu bila kikomo pamoja na maji safi, na umwache katika chumba chenye ubaridi, kisichozidi nyuzi joto 25. Dume, hata akiwa mpole kiasi gani, ahamishwe kabla ya uzazi, kwa sababu jike anaweza kupandwa na kushika mimba tena muda mfupi tu baada ya kuzaa, hali inayomdhoofisha sana. Akisukuma kwa muda mrefu bila mtoto kutoka, mpeleke kwa daktari mara moja.