Kusajili alama ya biashara ukiwa Moshi (usipite nilipopita mimi)

Naanza na lililoniuma kabisa: cheti cha jina la biashara SIO alama ya biashara. Mimi miaka mitatu nimekitundika kile cheti ukutani pale ninapokaangia kahawa, najua jina langu lina mwenyewe, mpaka siku nashuka Arusha kwenye soko la Kilombero nakuta pakiti ya mtu mwingine imeandikwa Kahawa Tamu ya Kibosho kama yangu, hadi kikombe na mlima nyuma yake. Nikamwambia kijana wa dukani hilo jina ni langu limesajiliwa. Akaniuliza kwa adabu tu, "Mama, limesajiliwa kama nini?" Nikawa mpole.

Sasa tuelewane. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni mmoja ila kazi zake ni nyingi, kuna makampuni, majina ya biashara, alama za biashara na huduma, hataza (haki ya mtu aliyevumbua kitu), leseni za viwanda, na kila kitu kina sheria yake. Jina la biashara linaonyesha tu nani yuko nyuma ya biashara. Alama ndio inakupa nguvu ya kumzuia mwenzako asiitumie kwenye bidhaa kama yako, na hiyo ina sheria yake ya mwaka 1986. Ukisajili kimoja kingine hakiji chenyewe. Kama chako ni wimbo, kitabu au picha, hapo sio BRELA, ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na hakimiliki inaanza pale pale unapoitengeneza kazi, kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi. Aina mpya ya mbegu ndio iko wizara ya kilimo huko. Mimi naona mwananchi wa kawaida hawezi kujua hii migawanyo, mtu ana pakiti moja mkononi yenye jina, mchoro na maandishi, anaambiwa jina huku, mchoro unaweza kuwa na haki kule pia. Basi ndio hivyo, tuendelee.

Kujisajili kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, ORS, sitaki kuwachosha, namba ya NIDA unayo, barua pepe unayo, jaza. Ila jaza MWENYEWE. Hapa ndipo nilipopoteza miezi.

Mimi nilienda steshenari moja mjini hapa, foleni ya wanafunzi wanaotoa kopi mpaka nje, kijana akaniambia mama kaa hapo nakufanyia fasta. Kweli akafanya fasta. Akafungua akaunti kwa namba yake ya NIDA, barua pepe yake, simu yake, mimi nikaandikwa kama mwombaji tu. Nikalipa control number (namba ya malipo ya serikali) kwa simu, nikapewa karatasi ya moto kutoka kwenye printa, nikaondoka najiona nimemaliza. Mwezi ukaisha kimya. Wa pili kimya. Nikarudi steshenari naambiwa yule kijana ameacha kazi, kaenda Mererani kwenye tanzanite. Simu yake haipatikani, si unajua yuko shimoni.

Nikapanda Coaster mpaka njia panda ya KIA, nikachukua boda, vumbi limenijaa mpaka kope, nikamkuta kwa mama ntilie anakula ubwabwa. Sikumgombeza, maana paswedi alikuwa nayo yeye. Anaanza kukumbuka, mara jina la timu yake, mara mwaka aliozaliwa, ya nne ikakubali. Kufungua barua pepe, majibu ya BRELA yamekaa humo wiki saba! Na yana muda wa kujibu.

Majibu yenyewe sasa. Kibosho ni mahali, kahawa ndio bidhaa, tamu ni sifa. Jina haliwezi kuwa la mtu mmoja kwa sababu mkulima yeyote wa Kibosho ana haki ya kusema kahawa yake ni ya Kibosho na ni tamu. Yaani jina nililokuwa nalilia Kilombero, hata ningewahi namna gani nisingepewa. Nilikaa pale kwa mama ntilie nikaagiza soda.

Kwa hiyo kwenye jina: usichague linaloielezea bidhaa, wala la mlima, wala la kijiji. Tunga neno, au chukua neno lisilohusiana kabisa na unachouza. Na kabla hujalipia maombi omba kwanza utafutaji, wakuangalizie kama lipo linalofanana. Kufanana sio herufi kwa herufi tu, hata ukilitamka likisikika kama la mwenzio ni tatizo.

Halafu madaraja. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa madaraja 45, 1 mpaka 34 ni bidhaa, 35 mpaka 45 ni huduma, na kwetu ombi moja ni daraja moja. Mimi nauza kahawa na siagi ya karanga, yule kijana akaviweka vyote daraja la 30. Kahawa ndio kwake hapo, pamoja na chai na asali. Siagi ya karanga iko la 29. Usiniulize kwa nini, nimeshaacha kuuliza. Maana yake maombi mawili na ada mara mbili, kwa hiyo kama hela ni ya mawazo anza na bidhaa inayokulipia ada ya shule ya watoto, nyingine itafuata. Mwenye mgahawa aangalie la 43.

Logo ukiipandisha bila kujibana kwenye rangi inahesabika kwa rangi zote, hii ni nzuri kwa sisi ambao kila mwezi lebo inatoka na kijani tofauti kutegemea wino wa siku hiyo. Control number ina tarehe ya mwisho, usiiweke mpaka wikiendi.

Mkaguzi akikubali, alama inatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, inakaa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme. Akikosekana unalipia usajili unapata cheti. Kinadumu miaka 7 kuanzia siku uliyoomba, sio siku uliyopewa cheti, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Na ni cha Bara tu. Ukipeleka mzigo Zanzibar huko kuna BPRA, wakala wao wa usajili, na sheria yao, unaanza upya. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la nchi za Afrika la haki za ubunifu, makao yake Harare, Tanzania imo kwenye itifaki yao ya alama, ile ya Banjul. Ile herufi R ya kwenye duara, inayosema alama imesajiliwa, usiiweke kwenye pakiti kabla ya cheti, hata kama fundi wa lebo anakwambia inapendeza.

Safari hii nimejaza mwenyewe kwa simu, usiku, watoto wamelala, paswedi nimeiandika nyuma ya kalenda ya jumuiya. Kahawa daraja la 30, jina nimelitoa kwa bibi yangu, neno alilokuwa anamwitia mbuzi wake. Limeshatangazwa, niko siku ya 22. Silitaji hapa mpaka zifike 60, na lebo nimeprinti mia tu.