Jioni ya kumkumbuka Ava Gardner uani, Nairobi

Ava Gardner, mwigizaji wa Hollywood, alifariki London tarehe 25 Januari 1990. Kwa jioni ya kumkumbuka chagua filamu yake Mogambo (1953): sehemu yake ilipigwa hapa Kenya, nayo ilimpa uteuzi wake pekee wa Oscar.

Januari jua la Nairobi huzama karibu saa moja kasoro robo. Anza saa moja na robo. Ukiwahi, picha itapauka hata projekta iwe kali vipi. Filamu ni dakika 116, kwa hiyo hakikisha tokeni za stima zinatosha.

Skrini ndiyo huharibu shughuli nyingi. Shuka moja hupitisha mwanga, picha ikafifia. Weka nyeupe mbili, na nyuma yake kitambaa cheusi. Funga pembe zote nne kwa kamba, za chini pia, la sivyo upepo utaugeuza uso wa Ava kuwa mawimbi. Picha ya filamu hii ni karibu mraba: upana wa mita 2 unahitaji kimo cha mita 1.5. Mistari myeusi pembeni iache. Ukiivuta ijaze skrini, sura zote zitapanuka, na huko si kumwenzi mrembo.

Spika iwekwe chini ya skrini, si kando ya projekta, maana feni yake hunguruma.

Wageni wakizidi jamaa na marafiki, au ukitoza kiingilio, tafuta kwanza idhini ya mwenye hakimiliki na ya bodi ya filamu. Chai ya tangawizi, lita 5 kwa watu 20. Januari usiku una baridi.